Kompyuta Isiyolia ya Mama Sechelela

Jumapili iliyopita, katikati ya sala ya toba, kompyuta ya mwinjilisti ililia. Tumeinamisha vichwa, kanisa zima limetulia, kila mtu anakumbuka dhambi zake za wiki, halafu ting. Mwinjilisti akaibonyeza. Ikalia tena. Akaibonyeza kwa nguvu zaidi, kana kwamba mashine nayo inaogopa kofi, ikalia mara tatu mfululizo. Nikafumbua jicho moja, nikakuta nusu ya washarika nao wamefumbua jicho moja, na wote wananitazama mimi.

Wananitazama kwa sababu mtaani kwetu Nkuhungu mimi ndiye Mzee Yona wa kompyuta. Kibanda changu pale Majengo nilishakifunga, magoti yamechoka, lakini kitu chochote chenye waya kikipiga kelele naulizwa mimi. Na ninyi wajukuu zangu mnaosoma chuo huko Chimwaga ndio mnaonichosha zaidi. "Shikamoo babu, hii mashine inapiga kelele." Marahaba. Imeanza lini? "Mwaka jana." Mwaka mzima mtu anakaa na kelele mapajani, ana simu ya kumwonyesha dunia nzima, hajaingia kwenye setingi hata siku moja. Mnanipandisha presha.

Kwa hiyo leo naandika. Someni mara moja, mniache nipumzike. Nitawaeleza namna ya kuinyamazisha mashine, lakini kwa njia yangu, maana miaka ile ya soko huria nilichomoa waya mmoja mwembamba kuliko kamba ya kiatu, na waya huo ukamwachisha mtu kazi.

Mjue kwanza kwamba sikuanza na kompyuta. Barua yangu ya ajira ilisema "fundi mashine za chapa", katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma ambayo siitaji. Aliyenifundisha ni Mzee Rajabu, mtu wa Tabora, mwenye vidole vinene ambavyo hata siku moja sikuviona vikiangusha skrubu. Mimi niliziangusha zote. Alikuwa ananiachia nizitafute kwa magoti sakafuni, yeye anakunywa chai, kisha ananiambia nyingine imo kwenye kola ya shati langu.

Mashine ya chapa ina kengele. Mpiga chapa anapiga herufi, roli ya karatasi inasogea, na zikibaki herufi saba hivi mstari uishe, kengele inalia, ting. Hapo anamalizia neno, mkono wa kushoto unasukuma kile kishikio cha chuma, roli inarudi, mstari mpya unaanza. Kengele moja, mstari mmoja. Huo ndio utaratibu wetu wa miaka na miaka, na Afisa Tawala wetu, Bwana Mbonde, alikuwa ameuzoea kama mtu anavyozoea mapigo ya moyo wake.

Chumba chake na chumba cha wapiga chapa vilitengwa na ukuta wa silingibodi tu. Yeye alikaa upande wake akisoma majalada, sikio moja liko upande wa pili. Kengele zikifuatana, alitulia. Zikipungua, alikohoa. Zikinyamaza, mlango ulifunguka. Hakuwa mtu mbaya, niseme kweli, wala hakumtukana mtu. Alifika mahali akamwomba Mzee Rajabu apinde vinyundo vya kengele ili kila mashine ilie kivyake, ajue bila kuinuka kitini ni nani anapiga chapa na ni nani anasukwa nywele. Mzee Rajabu akapinda. Moja ikawa inalia kama kikombe cha bati, nyingine kama baiskeli ya muuza maziwa.

Siku moja mpiga chapa mmoja aliyekuwa mjamzito aliniomba nimpunguzie ile kengele, kichwa kinamuuma. Nikaingiza pamba. Hazikupita hata siku mbili Bwana Mbonde alikuwa amemwandikia onyo kwa uzembe. Mzee Rajabu akaitoa pamba kwa koleo, akaniwekea kiganjani.

"Nani kakutuma?"

"Mwenye mashine, mzee."

"Mwenye mashine ni nani? Anayeipiga au anayeisikiliza?"

Akaniambia, "Kabla hujanyamazisha kitu, uliza nani anakisikiliza." Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Nilikuwa na umri wenu, masikio yapo lakini hayana mlango.

Basi ikaja miaka ya mageuzi. Maduka yakajaa, redio zikawa nyingi, na wafadhili wakatuletea kompyuta kumi ndani ya maboksi makubwa ambayo akina mama wa ofisi waligombania kwa ajili ya kuwekea vifaranga. Mashine za chapa zikabebwa kupelekwa stoo. Mzee Rajabu alikuwa ameshastaafu, amerudi kwao kufuga nyuki. Mimi nikapelekwa Dar es Salaam kozi ya wiki mbili, nikarudi na cheti na maringo. Nikaomba barua yangu ya ajira ibadilishwe, iseme fundi kompyuta. Nikaambiwa jalada linashughulikiwa. Kila nikiuliza, linashughulikiwa.

Na zile kompyuta zililia, wajukuu zangu. Ukiiwasha inaimba. Ukiizima inaimba. Ukifuta kitu inanguruma, ukikosea inapiga ting, ukikosea tena kwa kuwa ting imekushtua, inapiga tena. Ongeza vumbi letu la Dodoma: mwezi wa tisa upepo ukivuma, mchanga unaingia chini ya vitufe, kitufe kinabaki kimebonyea, na mashine inatoa mlio mrefu mpaka watu wa masijala wanachungulia dirishani. Nilikuwa naitwa mara nane kwa siku. Nimekaa chini ya meza za watumishi wa umma mpaka nikawajua kwa soksi zao.

Sasa sikilizeni. Sauti nyingi zinakaa kwenye setingi. Ingia pale penye sauti, utakuta orodha ya matukio, na juu yake utaratibu mzima wa milio. Chagua ule usio na mlio wowote, kubali, toka. Msipunguze tu sauti ya spika. Mtu anapunguza sauti, jioni ananipigia simu kwamba video ya harusi ya dada yake haisikiki, na mimi ndiye niliyeiharibu.

Ziko kelele nyingine zinatoka kwenye vitufe. Kompyuta zile ukishikilia kitufe cha kufungia namba, kile cha upande wa kulia juu, kwa sekunde tano, mashine inaanza kulia kila unapogusa kitufe cha herufi kubwa. Hakuna aliyelijua hilo. Afisa mmoja aliwaita watu wa maombi kwa ajili ya kompyuta yake, wakaiwekea mikono, wakaikemea kwa lugha tatu. Nilipofika nikaondoa jalada nene lililokuwa limelalia kile kitufe, nikakishikilia tena sekunde tano, ikanyamaza. Wakasema maombi yamejibiwa. Nikawaachia.

Halafu ziko zile zinazotoka ndani kabisa. Ndani ya boksi la kompyuta za zamani kulikuwa na kispika kidogo kama kizibo cha soda, chenye waya mwekundu na mweusi. Hicho hakisikii setingi wala maombi. Kwanza unachomoa umeme, unafungua skrubu za nyuma, unafuata ule waya mpaka unapoingia kwenye ubao mkuu, unauvuta taratibu. Mimi nilijifunza kwa kuvuta waya usio wenyewe. Na siku nyingine nilichoshwa na mlio wa lile boksi la kutunza umeme, UPS, nikaikata kengele yake kwa koleo nikijisifu. Umeme ulipokatika, kama ilivyokuwa kawaida, boksi halikumwonya mtu, betri ikaisha kimya kimya, na ripoti ya kurasa arobaini ya visima vya vijijini ikapotea pamoja na heshima yangu. Mnaona? Pamba haikunifundisha, UPS haikunifundisha. Kuna watu ni wagumu.

Wapiga chapa walikuwa wamebaki wawili. Mmoja ni Mama Sechelela, mzaliwa wa Gulwe, aliyekulia kando ya reli. Miaka kumi na tisa kazini. Barua yake ukiipokea hukuwa na haja ya kuisoma mara mbili, na Bwana Mbonde mwenyewe, kila akiwa na barua ya kwenda wizarani, aliibeba kwa mkono wake mpaka mezani kwa Mama Sechelela. Mwingine ni Rozi, binti aliyetoka chuoni karibuni, mchangamfu, anayemtunza mama yake huko Haneti.

Miezi ya kwanza wote wawili kompyuta ziliwalilia. Mkono wa kushoto wa Mama Sechelela ulikuwa bado unatafuta kile kishikio cha chuma hewani, ukirudi unaangukia kitufe kisichohusika. Kufika mwezi wa tatu alikuwa ameishika mashine vizuri, haimlilii ila mara moja moja. Lakini hiyo mara moja ilimtesa. Akaniita, akanisalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, Yona."

"Mbukwa, mama."

"Baba, mimi nimelala utotoni treni zinapita dirishani, sijawahi kushtuka. Hiki kitu kikilia naruka kama nimekamatwa naiba. Daktari ananiambia presha. Kizime."

Nikaingia kwenye setingi, nikazima. Kukabaki ule mlio wa ndani. Nikafungua boksi, nikavuta waya wa kispika, nikakitia kwenye kopo langu la skrubu. Mama Sechelela akapiga ukurasa mzima kwa kujaribu. Kimya. Akanishukuru kwa karanga za kukaanga zilizojaa mfuko wa koti. Nilijiona fundi kweli kweli.

Rozi nikamuuliza kama na yeye nimzimie. "Niachie, fundi. Inanichangamsha." Na yake ililia kuliko zote, kwa sababu Rozi alikuwa na tabia moja: kompyuta ikiuliza swali, yeye hasomi, anaendelea kupiga. Kompyuta inauliza, je, nihifadhi? Rozi anapiga herufi, ting. Je, nihifadhi? Ting, ting, ting, mpaka atakapoinua macho. Asubuhi nzima chumba kile kilikuwa kama mnada wa mbuzi wenye kengele.

Ndipo ukaja waraka wa kupunguza wafanyakazi. Ninyi mnalisikia jambo hilo darasani, sisi tulilala nalo. Kila sehemu ipeleke jina moja. Watu waliokuwa hawasalimiani wakaanza kusalimiana. Waliokuwa wakichelewa walifika kabla ya mlinzi. Bwana Mbonde akaniita ofisini.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Fundi, kompyuta ya Mama Sechelela ina ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa. Nzima kabisa."

"Nzima?"

"Nzima, bwana. Nimeipitia mwenyewe."

Akaandika kitu. "Basi ugonjwa ni wake. Miezi miwili hii simsikii. Huyu binti namsikia mpaka nashindwa kusoma, mistari inaruka tu, ting, ting, ting. Yule mama kakaa kimya kama yuko msibani. Sitaki kumwonea mtu, ndiyo maana nimekuuliza wewe wa mashine."

Nilihisi ile pamba ya Mzee Rajabu imerudi kiganjani. Nikamweleza. Nikamwambia bwana, kompyuta haina kengele ya mstari, ile inalia mtu akikosea. Akavua miwani.

"Yona, mashine gani hiyo inayomtangaza mtumishi kwamba kakosea? Serikali ikubali mashine ya kuwaaibisha watu wake?"

"Ndivyo zilivyo, bwana."

"Mimi nimeanza kusikiliza wapiga chapa kabla wewe hujavaa viatu. Na kama ni hivyo, basi Rozi anakosea mara mia kwa siku?"

Nikisema ndiyo, nimemfukuza Rozi. Nikisema hapana, nimemfukuza Mama Sechelela. Nikasema, "Bado anajifunza, bwana."

"Anayejifunza kwa bidii hiyo ndiye wa kubaki," akasema, akalifunga jalada.

Nilitoka nimekasirika. Nilimkasirikia yeye, maana barua zote za maana zilikuwa mbele yake, zimepigwa na mama yule yule, na kila mara mkono wake ulimpelekea bila kukosea njia. Jicho limeona, mkono unajua, sikio limekataa. Lakini niliyemkasirikia zaidi ni mimi. Nilikuwa nimemtoa mwenzangu kwenye sikio la bosi kwa bisibisi yangu mwenyewe, nikalipwa karanga.

Nikamwendea Mama Sechelela na lile kopo la skrubu. Nikamweleza yote. Alikuwa anapiga barua, akaendelea kuipiga mpaka nikamaliza.

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kurudisha waya, mama."

"Ukiurudisha italia?"

"Ukikosea."

"Nisipokosea?"

"Haitalia."

"Sasa utanisaidia nini?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikapata ujanja mwingine. Nikamwambia nitarudisha waya, kisha ashikilie kile kitufe cha namba sekunde tano, na kila akifika mwisho wa mstari aguse kitufe cha herufi kubwa mara mbili kwa mkono wa kushoto. Kiko kushoto, pale pale mkono wake ulipozoea kwenda kwa miaka kumi na tisa. Kitalia, na Bwana Mbonde atatulia. Alicheka, kisha kicheko kikaisha.

"Yona, nina watoto watatu shuleni, baba yao hayupo. Usidhani siogopi. Naogopa mpaka chakula hakishuki. Lakini nikae hapa nampigia mtu mzima kengele za uongo mpaka nistaafu?"

"Basi kosea kidogo tu, mama. Mara mbili tatu kwa siku."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia aweke mchanga kwenye uji wa mgonjwa. "Sijawahi kukosea barua ya mtu makusudi. Sianzi kwa sababu ya njaa." Akaweka kiganja juu ya boksi la kompyuta. "Niliomba kimya, ukanipa. Acha hivyo hivyo."

Nilikasirika tena. Nilimwona ana kiburi. Mnielewe, nilikuwa namwombea aongope ili mimi nipate usingizi.

Ikafika siku ya kupeleka majina. Gari la kwenda Dar es Salaam lilikuwa liondoke saa nane mchana, na barua ilitakiwa ipigwe kwenye karatasi zenye nembo, ambazo wakati ule zilikuwa za kuhesabu. Bwana Mbonde, kwa kuwa ni siri, na kwa kuwa alikuwa na aibu kidogo nafikiri, alimpa Rozi rasimu. Nilikuwa chini ya meza nyingine natengeneza printa ya Mama Sechelela, kwa hiyo niliyaona yote kuanzia magotini kwenda juu.

Rozi akaanza. Ting. Karatasi ya kwanza ikatoka ina cheo cha mtu kimerudiwa mara mbili. Ya pili ikatoka tarehe imekatika. Ting, ting, ting. Ya tatu sijui ilikuwa na nini, ila Rozi aliiangalia akaanza kulia, akaifunika na nyingine. Upande wa pili wa silingibodi Bwana Mbonde hakukohoa hata mara moja. Alisikia kazi inakwenda vizuri ajabu.

Saa saba alifungua mlango kuchukua barua yake. Akakuta rundo la karatasi zilizoharibika na binti analia. Zilikuwa zimebaki karatasi mbili za nembo. Akasimama katikati ya chumba, rasimu mkononi, anaangalia huku na huku kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Kisha akafanya alichokifanya miaka yote bila kufikiri. Akaenda mezani kwa Mama Sechelela. Akafika, akakumbuka, akabaki ameikumbatia ile rasimu kifuani.

"Mama," akasema, "hii ni ya siri."

"Nimezipiga nyingi za siri, bwana."

Akampa. Mama Sechelela akasoma. Jina lake lilikuwa mstari wa pili. Kutoka chini ya meza niliona miguu yake imejikunja ndani ya viatu, halafu ikanyooka. Bwana Mbonde akarudi chumbani kwake, mlango ukafungwa.

Akapiga. Hakuna kengele, hakuna kitu, vidole tu, kama mvua nyepesi juu ya nyasi. Upande wa pili tukasikia kikohozi. Baada ya kidogo, kikohozi kingine. Printa niliyotoka kuitengeneza ikatoa karatasi moja. Mlango ukafunguka.

"Mama, gari linaondoka. Hujaanza?"

"Nimemaliza, bwana." Akamnyooshea.

"Umemaliza saa ngapi? Sijasikia kengele hata moja."

"Hujasikia kwa sababu sijakosea."

Hakusema kwa sauti kubwa. Rozi aliacha kulia. Bwana Mbonde akasoma barua ile amesimama, kidole kinafuata mstari kwa mstari, kama mzee wa kanisa anayesoma Zaburi. Hakukuwa na kosa, wala jina lililo mstari wa pili halikuwa na kosa. Akatazama rundo lililokuwa mezani kwa Rozi. Akaitazama kompyuta ya Rozi, na ile kompyuta, kwa kuwa ilikuwa bado inasubiri jibu la swali lake na Rozi ameegemea vitufe, ikapiga ting. Bwana Mbonde akashtuka. Nilimwona anazeeka pale pale. Akaikunja barua bila kutia saini, akatoka kumwambia dereva safari ni kesho.

Nilitaka kucheza ngoma chini ya ile meza. Nililala vizuri kuliko wiki zote.

Asubuhi akaniita. Hakuwa na hasira. Alikuwa mpole, na upole wake ulinipendeza, nikajua sasa tutaelewana.

"Fundi, mashine za chapa zinazofanya kazi zimebaki ngapi?"

"Hakuna hata moja, bwana," nikasema kwa majivuno. "Zote ziko stoo. Enzi hizo tumeshaachana nazo."

"Hakuna hata moja," akarudia, akaandika.

Nikatoka napiga mluzi. Chumba changu kilipakana na kile cha wapiga chapa, kwa ukuta wa silingibodi pia, mle mle stoo, kati ya mashine za chapa zilizofunikwa kwa magunia. Nilikuwa napuliza vumbi kwenye feni ya kompyuta moja nilipoona kivuli mlangoni. Mama Sechelela, ambaye katika saa za kazi hakuwahi kuinuka kitini isipokuwa kwa maji. Ana rasimu mkononi.

"Yona, jina langu limefutwa. Ameandika lingine juu yake."

Nikaichukua. Mwandiko wa Bwana Mbonde ulikuwa mzuri siku zote. Mstari wa pili, jina langu kamili, na mbele yake cheo: fundi mashine za chapa. Sehemu ipeleke jina moja, fundi na wapiga chapa tulihesabiwa sehemu moja, na mashine ya chapa haikubaki hata moja. Mimi mwenyewe ndiye niliyemthibitishia. Nikalikumbuka lile jalada langu lililokuwa linashughulikiwa, nikajua mahali lilipo na mahali litakapokaa. Iliniuma, sitawaficha. Iliniuma kama kuzikwa huku unasikia.

Mama Sechelela akaufunga mlango nyuma yake.

"Sema neno moja tu, baba," akaniambia. "Ukisema, nitaikosea barua hii. Nitaikosea tena na tena, mpaka karatasi zenye nembo ziishe ofisini humu, gari liondoke bila barua, leo na kesho. Nitakosea mpaka asikie."

Huyo ndiye mama aliyekataa kugusa kitufe kimoja cha uongo kwa ajili ya watoto wake watatu. Nilimtazama, na kopo la skrubu lilikuwa pale mezani, kile kispika juu ya skrubu, waya wake mwekundu na mweusi umejikunja.

"Mama," nikamwambia, "hata ukikosea hatasikia. Waya niliuchomoa mimi mwenyewe."

Akacheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Nikamrudishia rasimu. "Nenda kapige. Na unipige vizuri."

Akaenda. Nikageuza ndoo, nikakaa kati ya zile mashine za chapa, nikaegemeza sikio kwenye silingibodi kama Bwana Mbonde. Nikasikiliza mpaka printa ikatoa karatasi. Sikusikia kitu.